Daktari wa mtaani asema saratani si yake, wa saratani asema sukari si yake

SWALI

Kwa wahariri wa safu,

Mama yangu ana miaka 58, tunakaa naye Umoja, Nairobi. Mwaka huu aligunduliwa ana saratani ya titi la kushoto. Alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, na sasa yuko kwenye kemo. Ameandikiwa awamu nne za ile dawa nyekundu kila baada ya siku 21, kisha nne za paklitakseli. Amemaliza mbili.

Shida ni kwamba mama ana kisukari kwa miaka tisa sasa, anameza metformini, na ana presha, anameza losatani. Hivyo vyote alikuwa akifuatiliwa na daktari mmoja wa kliniki ya hapa mtaani anayetujua tangu tukiwa watoto. Siku hizi tukienda kwake anasema, "Mambo ya saratani siyawezi, subirini kliniki ya kule." Tukifika kule, tunaambiwa sukari na presha tumwone daktari wetu. Kila siku ya kemo foleni ni ndefu, dakika tunazopata na daktari ni chache, na mama anarudi na maswali yake yote mfukoni.

Siku ya kumi baada ya awamu ya pili alishikwa na homa usiku. Tulimpa Panadol, asubuhi tukampeleka kliniki, akapimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa vidonge na sindano ya maumivu. Homa ilishuka siku ya tatu. Kaka yangu anasema tuachane na huyu wa mtaani, kila kitu kiende hospitali kubwa. Shangazi naye ameleta chupa ya mitishamba. Je, huyu daktari wetu ana kazi yoyote tena, au tunapoteza nauli na wakati?

Binti wa Umoja

JIBU

Binti wa Umoja, pole kwa kuuguza. Daktari wenu ana kazi, tena nyingi, ila hajapewa habari za kumwezesha kuifanya. Tutafika hapo. Kwanza ile homa, maana hapo ndipo mama angeweza kuwaponyoka.

Dawa nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamaidi anayopewa siku hiyohiyo, huua chembe zinazogawanyika upesi. Saratani ni mojawapo, lakini uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu nao unaumia. Chembe hizo hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena kabla ya awamu inayofuata. Kwa hiyo siku ya kumi ilikuwa katikati ya shimo lenyewe. Mgonjwa akipata bakteria hapo hana askari wa kupambana nao. Hata usaha unaweza usitokee, wala kikohozi, kwa sababu vyote hivyo hufanywa na chembe nyeupe ambazo hazipo. Homa inaweza kuwa dalili peke yake, na kutoka homa hadi presha kuanguka zinaweza kuwa saa chache tu.

Nunueni themomita ya dijitali na ikae kando ya kitanda. Ikisoma 38.3 hata mara moja, au 38.0 kwa muda wa saa moja, ni dharura, iwe mchana au usiku wa manane. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, hivyo 37.6 ya kwapani pamoja na kutetemeka isidharauliwe. Pimeni kabla ya kumpa Panadol. Panadol haitibu bakteria, inashusha tu namba iliyokuwa ikiwaonya. Na mama akianza kutetemeka, kuchanganyikiwa au kulegea, msingoje themomita ikubali. Msimpime wala kumpa dawa kwa njia ya haja kubwa, ngozi ya pale ni rahisi kuchanika na kufungulia bakteria mlango.

Mkifika mapokezi ya dharura msianze na historia ndefu. Semeni: "Anapata kemo ya saratani ya matiti, leo ni siku ya kumi, joto ni 38.4." Sentensi hiyo ndiyo inayomtoa kwenye benchi. Lengo ni antibiotiki ya mshipani ndani ya dakika 60 tangu afike. Damu ya kuotesha vijidudu huchukuliwa kwanza, lakini majibu hayangojwi.

Sasa, kipimo cha malaria. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria haisambai hapa kama Kisumu au Kilifi. Kama mama hakuwa amesafiri, malaria ilipaswa kuwa mwisho wa orodha. Kile kipimo cha damu cha homa ya matumbo kinachopendwa na kliniki nyingi za mitaani nacho husoma kingamwili ambazo zinaweza kuwa za zamani, ndiyo maana nusu ya mtaa wana "taifodi" kila msimu wa mvua. Kwa mgonjwa wa kemo mwenye homa, kipimo cha kwanza ni hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu.

Na hemogramu isomwe vizuri. Kwenye karatasi kuna mistari miwili ya nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, mmoja wa asilimia na mwingine wa idadi yenyewe, ambao mashine nyingi huuandika NEU#. Tazameni huo wa idadi. Chukulia chembe nyeupe zote ni 1.4 na asilimia ya nyutrofili ni 30. Asilimia 30 haitishi sana ukiitazama peke yake, lakini 1.4 mara 0.30 ni 0.42. Chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Tumeona karatasi ya namna hiyo ikiandikwa "kawaida" kwa sababu msomaji aliishia kwenye asilimia.

Ile sindano ya maumivu pia tunaitilia shaka. Kama ilikuwa diklofenaki, kama ilivyo desturi, ina kasoro mbili kwa mama: kipindi hicho chembe za kugandisha damu huweza kuwa chini, na sindano ya nyama ya tako inaweza kuacha bonge la damu au jipu, halafu dawa za jamii hiyo huibebesha figo mzigo, nazo figo za mwenye kisukari anayemeza losatani na pengine ametapika siku mbili hazihitaji mzigo mwingine.

Mtasema basi kaka ana haki, huyu daktari aachwe. Hapana. Alikosea kwa sababu alimtibu mama kama mtu mwenye homa tu. Hakuna aliyempa karatasi inayoonyesha dawa, tarehe, wala siku za hatari. Kule hospitali kubwa nako hawawezi kuifanya kazi yake: wanamwona mama mara moja kwa siku 21, na siku 20 zilizobaki yuko Umoja.

Sukari ndiyo mfano mzuri. Ili kuzuia kutapika, mama hupewa deksamethasoni siku ya kemo na mara nyingi siku mbili tatu zinazofuata. Hii ni steroidi, na inapandisha sukari kwa namna yake: ikimezwa asubuhi, sukari hupanda baada ya chakula cha mchana na kukaa juu hadi usiku, kisha alfajiri inakuwa imeshuka. Mama akienda kupimwa saa mbili asubuhi kabla ya kula, atapata 7 na kuambiwa yuko sawa, na jioni yake alikuwa 19. Siku za deksamethasoni apimwe saa mbili baada ya chakula cha mchana na tena kabla ya chakula cha jioni. Ikivuka 15 mara mbili, mpigieni daktari siku hiyohiyo. Mashine ikiandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, au sukari ikiwa juu huku anatapika na kupumua kwa kasi, nendeni dharura. Daktari akiongeza dawa kwa ajili ya siku hizo, aandike pia ni lini inarudishwa chini, kwa sababu steroidi ikiisha na hamu ya kula ikawa haipo, sukari inaweza kuporomoka. Hatari hiyo ni kubwa hasa kwa insulini na vidonge kama glibenklamidi.

Msitegemee sana kile kipimo cha sukari cha wastani wa miezi mitatu wakati huu. Kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, na kemo hupunguza chembe hizo. Akiongezewa damu, ndiyo kabisa, mnapima sukari ya mtu mwingine. Daftari la vipimo vya nyumbani lina ukweli zaidi.

Halafu kuna siku za kutapika au kuharisha. Mtu asiyekunywa maji akiendelea kumeza losatani anaweza kuumiza figo, nayo metformini ikarundikana mwilini. Madaktari wengi husimamisha zote mbili kwa muda hadi ale na kunywa tena, lakini hilo aamue daktari wenu sasa, mama akiwa mzima, na aliandike: dalili gani, dawa ipi isimame, irudi lini, nani apigiwe. Mkingoja hadi saa nane usiku kila mtu atabahatisha.

Presha nayo ni kazi ya mtaani. Doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo, na presha isiyodhibitiwa huongeza hatari hiyo, hivyo apimwe kila wiki, mkono wa kulia. Kushoto ndiko tezi za kwapani zilikotolewa. Sindano, dripu na kamba ya presha zielekezwe kulia inapowezekana. Mkono wa kushoto ukivimba, muda upo wa kupanga mazoezi na bandeji. Ukivimba ukawa mwekundu na wenye joto, hayo ni maambukizi ya ngozi, dawa ianze siku hiyo. Mama akianza kukosa pumzi akipanda ngazi alizokuwa akizipanda bila shida, au miguu yote miwili ikivimba, moyo upigwe picha. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, fikirieni damu iliyoganda, na hilo halingoji kesho.

Kitu kidogo ambacho daktari asiyejua dawa nyekundu hukikosea: mkojo mwekundu siku ya kwanza na ya pili baada ya kemo ni rangi ya dawa yenyewe. Hauhitaji antibiotiki. Ukiendelea baada ya hapo, au ukija na maumivu wakati wa kukojoa, hiyo ni habari nyingine na hospitali iambiwe.

Sasa tuje kwenye karatasi. Dawa ya mvutano wenu ni ukurasa mmoja, na kwa kuwa hospitali hazina mazoea ya kuutoa bila kuombwa, ombeni. Siku ya kemo inayokuja, mwone muuguzi wa kliniki kabla foleni haijasonga, umwombe muhtasari wa matibabu. Uwe na aina ya saratani na hatua yake. Majibu ya vipokezi vya homoni na HER2 (alama za chembe za saratani zinazoongoza uchaguzi wa dawa) kutoka ripoti ya biopsi, yaani kile kipande cha uvimbe kilichopimwa. Tarehe na aina ya upasuaji. Majina ya dawa za kemo na vipimo vyake. Awamu aliyofikia na tarehe ya inayofuata. Majibu ya picha ya moyo. Majibu ya kipimo cha homa ya ini aina ya B, kwa kuwa kirusi kilicholala kinaweza kuamka kemo ikiendelea. Na namba ya simu ya wodi au kliniki inayopokelewa usiku. Wakisema hawana fomu, piga picha kurasa za faili na chati ya kemo, andika hayo kwa mkono wako, umwombe daktari aweke sahihi. Toeni nakala tatu: moja ya daktari wa mtaani, moja kwenye mkoba wa mama, moja kwenye simu ya kila mtu nyumbani.

Ukimpelekea daktari wenu, mwambie hivi: "Daktari, hatukuombi utibu saratani. Tunaomba utushikie sukari na presha, umchunguze mama siku ya saba hadi ya kumi baada ya kila kemo, na akipata homa umpeleke mbele bila kuchelewa." Wengi wanaosema siyawezi huwa wanaogopa kulaumiwa kwa dawa wasizozijua. Ukimwonyesha mpaka wa kazi yake, hofu hiyo hupungua. Tena muulizeni waziwazi kama ni daktari wa shahada au tabibu wa diploma. Mitaani wote tunawaita daktari, na tabibu mzuri anaweza kazi hii vizuri sana, ila ni haki yenu kujua. Akikataa hata baada ya karatasi, hapo tafuteni mwingine. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali nanyi.

Kuna jambo la usiku ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake. Jogoo Road ikiwa imefungwa na msongamano wa magari jioni na mama ana 38.6, kliniki iliyo dakika tano kutoka nyumbani inaweza kumwekea dripu, kumpa dozi ya kwanza ya antibiotiki ya mshipani kwa maelekezo ya simu kutoka kwa daktari wa saratani, kisha mkaendelea na safari. Ulizeni mapema kama wana dawa hiyo na hufunga saa ngapi.

Asichopaswa kugusa ni hiki: kuahirisha au kubadilisha kemo, kuandika steroidi kwa sababu mama "amekosa nguvu", kuagiza vipimo vya alama za saratani kwenye damu ili kuwatuliza, au kumchanja chanjo yenye kirusi hai kama ya homa ya manjano. Chanjo ya mafua isiyo na kirusi hai inaruhusiwa, siku yake wapange na hospitali.

Kuhusu pesa, kwa ufupi. Chini ya SHA, bima ya afya ya taifa, huduma za wagonjwa wa nje kwenye zahanati na vituo vya afya hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, mfuko tofauti na ule wa matibabu ya saratani. Kwa maana hiyo, presha na sukari zikishughulikiwa mtaani hazili kikomo cha kemo. Thibitisheni kwanza kwamba kliniki yenu ina mkataba na SHA, kwani si zote za binafsi zilizo nao.

Kabla ya awamu ya tano kuna miadi moja ambayo tungependa muipange leo. Paklitakseli huumiza neva za vidole: ganzi, kuchomachoma, vifungo vya nguo kutofungika. Kisukari nacho hufanya hivyohivyo miguuni. Kama hakuna aliyezipima nyayo za mama kabla, ganzi ikija hakuna atakayejua ni ya dawa au ya sukari, na uamuzi wa kupunguza dozi utafanywa gizani. Daktari wa mtaani azipime hisia kwa ule uzi maalumu wa nailoni, atazame vidonda na kucha, aandike tarehe na alichokuta. Ni kazi ya dakika kumi.

Kaka anauliza kila kitu kiende hospitali kubwa. Mwambieni kuhusu jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2006 na kundi la Eva Grunfeld. Wanawake 968 waliokuwa wamemaliza matibabu ya saratani ya matiti iliyogunduliwa mapema waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakafuatiliwa na madaktari wao wa familia, wengine kwenye vituo vya saratani. Matukio mabaya yaliyotokana na ugonjwa kurudi yalikuwa asilimia 3.5 kwa madaktari wa familia na 3.2 kwenye vituo vya saratani. Waliofariki ni 29 kwa wale wa kwanza na 30 kwa wale wa pili. Ni kweli kwamba Kanada si Umoja, na wale hawakuwa tena kwenye kemo. Lakini madaktari wale wa familia walipewa mwongozo wa ukurasa mmoja tu, na ukatosha.

Mama akimaliza, ufuatiliaji wa kawaida ni kuulizwa na kuchunguzwa kwa mikono kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu, kisha kila miezi sita hadi kumi na mbili kwa miaka miwili, halafu mara moja kwa mwaka. Titi la kulia lipigwe mamografia kila mwaka. Kama hana dalili, kupiga picha za mwili mzima kila mara ni kumaliza pesa na kuongeza wasiwasi. Ila maumivu mapya ya mfupa yanayomwamsha usiku, kikohozi cha wiki kadhaa, au maumivu ya mgongo pamoja na miguu kukosa nguvu ni safari ya hospitali, na hilo la mwisho ni la siku hiyohiyo. Vipokezi vikiwa chanya, atapewa vidonge vya homoni kwa angalau miaka mitano. Anastrozoli hupunguza ugumu wa mifupa na kuumiza viungo, na wanawake wengi huacha kuimeza kimyakimya kwa ajili hiyo, bila kumwambia mtu. Tamoksifeni ikiwa ndiyo aliyopewa, kutokwa damu ukeni kuripotiwe, na asiandikiwe fluoksetini au paroksetini, dawa za sonona, maana huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa dawa yenye nguvu. Yote haya huonekana mapema na mtu anayemwona mama kila mwezi kwa ajili ya presha.

Wewe mwenyewe ukimpeleka mama, mwambie daktari umri aliogunduliwa nao na kama kuna shangazi au nyanya aliyeugua titi au mfuko wa mayai. Kwenye faili lako hilo nalo liandikwe.

Na chupa ya shangazi: msigombane naye, mpelekeeni daktari aione. Mchemsho ambao hakuna ajuaye kilichomo unaweza kuliumiza ini lile lile linaloshughulikia kemo, na vipimo vya ini vikipanda, awamu ya tatu itaahirishwa. Ikae kabatini hadi mama amalize.